Wapwani wanapanda bara na baridi ya Julai, na plani nimeachiwa mimi

Dadangu amenipigia juzi akaniambia wameshaamua, yeye na mabinamu wetu wawili wanapanda bara mwezi wa saba, wikendi moja tu, Ijumaa hadi Jumatatu, na kazi ya kupanga ni yangu. Nikamuuliza kwani hakuna miezi mingine, si mje Disemba jua likiwaka, Julai huku mtatetemeka mpaka meno yagongane. Akanijibu hiyo baridi ndo wanayoifuata. Ati wamechoka kuwaona watu wa Nairobi kwa Tiktok na makoti marefu na mabuti utadhani wako Ulaya, na wao huko Kisauni feni inazunguka mwaka mzima, nao wanataka wapigwe picha mvuke ukiwatoka mdomoni. Dadangu ukimkatalia kitu nyumbani hakukaliki, nikakubali.

Niwaelezee hawa wageni kwanza maana plani yote inawategemea. Dada ni mtu wa buibui na swala tano, anakula halali tu, na usiku wake mtamu ni chai na stori. Binamu wa kike ni mwalimu, anapenda historia, anasoma kila kibao kilichobandikwa ukutani mpaka mnamsubiri mlangoni. Binamu wa kiume anataka klabu, basi, mengine yote kwake ni kungoja giza liingie. Familia yetu ni nusu msikiti nusu kanisa kwa hivyo tumezoeana, lakini kuwatosheleza wote watatu kwa wikendi moja hapa Nairobi, hiyo ni hesabu.

Nimeuliza watu kazini na kwa grupu la WhatsApp la ploti, kila mmoja ananitumia orodha. Twiga, ndovu, Karen, Westlands, Ngong, Two Rivers, Thika Road, sijui Limuru kwa majani chai. Orodha tamu kweli, ila ukiitandaza kwa ramani unaona mtu anataka mtoke Lang'ata asubuhi, mchana muwe Gigiri, jioni mrudi Karen halafu usiku Roysambu, na siku yote inaishia kwa kiti cha nyuma cha teksi mkiangalia mgongo wa lori la mchanga. Mimi Nairobi huipanga kwa pande. Siku moja, upande mmoja wa mji. Mkishasema leo ni Lang'ata basi ni Lang'ata, hata mtu awapigie awaambie kuna nini Kiambu Road mnamwambia siku nyingine, na kama lazima mvuke mji basi mvuke usiku barabara zikiwa wazi. Haya yote hapa chini yametoka kwa hiyo sheria.

Tarehe sasa. Wiki ya kwanza ya Julai nimeikataa. Tarehe 25 Juni na tarehe 7 Julai, yaani Saba Saba, siku hizi ni siku za maandamano, na Saba Saba ya 2025 polisi walifunga barabara za kuingia tauni, yaani katikati ya mji, watu wakapiga mguu kutoka mbali. Mgeni ameshuka treni na begi lake na kikapu cha achari hawezi hayo. Mwisho wa mwezi pia nimeukataa, Ijumaa ya mshahara ikikutana na manyunyu jam inaanza saa tisa alasiri na sijui inaisha saa ngapi maana huwa nishalala, halafu klabu zinafurika. Katikati ya mwezi watu hawana kitu, wako nyumbani wanakula githeri, mji unapumua. Kwa hivyo ni wikendi ya katikati, na hapo hakuna mjadala.

Kuhusu hiyo baridi yenyewe, kuna kitu watu wa Pwani hawajui mpaka wafike. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini mashariki unatoka baharini na unyevu wake, ukipanda huku juu unapoa, yanatokea mawingu ya chini mazito yanayokaa juu ya mji tangu alfajiri, siku zingine jua linayatoboa mchana, siku zingine wapi. Usiku inashuka hadi nyuzi 11 au 12, mchana mkibahatika mnapata 21. Mzungu atacheka akisikia hizo namba. Lakini nyumba zetu hazina hita jamani, baridi ya nje ndo hiyo hiyo ya ndani, unaamka nayo, unaoga nayo, unakaa nayo kwa sofa ukiangalia taarifa ya habari na soksi mbili mbili. Kwa plani maana yake ni hivi: asubuhi tuwe ndani ya gari au ndani ya jengo, saa sita hadi saa kumi ndo muda wa nje na wa mapicha, jua kama linatoka linatoka hapo, na kuanzia saa kumi na moja jioni kila mtu awe karibu na kitu cha moto, iwe supu, iwe chai, iwe moto wenyewe.

Safari. Nimewaambia wachukue treni ya SGR ya asubuhi, ile ya saa mbili inayosimama vituo vya njiani, si ile ya saa tisa. Ya saa tisa ina haraka lakini inawaleta usiku, Ijumaa, wamechoka, na nusu ya njia wameangalia giza. Ya asubuhi inapita Tsavo mchana kweupe, na mkikaa dirishani mkakodoa macho mnaweza kuwaona ndovu wekundu wa ule udongo wa Tsavo bila kulipa kiingilio cha mbuga yoyote. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu ilipopandishwa Januari 2024, unakata kwa simu unalipa na M-Pesa, na wikendi tiketi zinaisha mapema kwa hivyo nimewaambia wasingojee mpaka wiki yenyewe. Wabebe vitambulisho. Wafike Miritini mapema, maana kuna ule ukaguzi wa kupanga mabegi chini mbwa wanuse, na dada ana jambo lake na mbwa, anataka nguo zake za swala zikae begi la mkono. Sijui kama watamkubalia, ataongea nao mwenyewe.

Wakishuka Syokimau kuna treni ndogo ya kuwaingiza mpaka stesheni ya tauni, hiyo ndo rahisi na haijui jam. Lakini na mizigo yao nitawachukulia teksi tupite Expressway, ile barabara ya juu iliyofunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ada yake ni juu ya abiria na dereva atakuuliza kabla, usishangae. Mwalimu nitamkalisha dirishani, huko juu unauona mji wote ukija.

Kulala nimetafuta bnb, nyumba ya kukodi kwa siku, upande wa Ngong Road na Kilimani, kwa sababu ya ile sheria ya pande, hapo Lang'ata iko chini, Westlands iko juu na tauni si mbali. Nikipiga simu kuuliza sipotezi muda na mambo ya vyuu, yaani mandhari ya dirishani, kila mwenye nyumba anakuuzia vyuu na bwawa la kuogelea juu ya paa, nani ataogelea Julai? Mimi nauliza shawa ya moto inafanya kazi vyumba vyote ama kimoja, blanketi ni ngapi na ni nzito kiasi gani, stima ikipotea kuna jenereta, na getini kuna mlinzi usiku. Ukijibiwa vizuri hayo manne lipa. Na kuna jambo nimewaandikia kwa herufi kubwa kwa grupu. Huku baridi ikizidi kuna watu huingiza jiko la makaa ndani wafunge madirisha walale, na kila msimu kuna familia haziamki, ile hewa ya makaa haina rangi wala harufu, inakuchukua usingizini. Mkisikia baridi ongezeni blanketi. Jiko ni la nje.

Ijumaa hiyo wakifika itakuwa alasiri, hakuna kutalii, tunaenda Toi. Hawa watu hawana jaketi hata moja, dada ana sweta ya shule ya mwanawe ndo anasema ataibeba. Toi Market iko hapo hapo upande wa Ngong Road, mitumba ya kila aina, na Julai wafanyabiashara wanaanika makoti mbele kabisa maana wanajua msimu wao. Gikomba ni kubwa zaidi na bei nafuu zaidi lakini ni upande mwingine wa mji na inataka uamke alfajiri upigane na watu wa maduka wanaochagua zile nguo za kamera, zile safi za kwanza bale ikifunguliwa. Toi unapata kamera pia, bei kidogo iko juu, lakini unachagua kwa utulivu. Kanuni yangu kwa koti la mtumba: vuta zipu juu chini, nusa kwapani, ingiza mkono mifuko yote. Na usivae koti zuri ukienda kununua koti, wanakuangalia.

Chakula cha jioni siku hiyo ni samaki. Nimechagua samaki kwa ujanja tu, samaki hana mjadala wa halali, tunakula wote meza moja. Kilimani kuna Mama Oliech, pale alipokula Mark Zuckerberg alipokuja Nairobi 2016, na tauni kuna Ranalo kwa wanaotaka upishi wa ziwani kabisa, lakini sisi tutabaki Kilimani. Najua watakachosema. Mpwani ukimwekea ngege wa ziwani atamgeuza, atamnusa, atakuambia huyu anaonja matope, kwetu changu hivi, kwetu tafi vile. Wacha waseme. Akishakuja wa kukaangwa akarudishwa kwa mchuzi wa nyanya, na ugali unaofuka moshi na sukuma pembeni, na nje manyunyu yanapiga bati, nitawaangalia vidole vyao.

Jumamosi ni Lang'ata, na ni siku ndefu. Nimepanga tuingie Nairobi National Park alfajiri lango likifunguliwa. Kuna watu wa Nairobi wamezaliwa hapa hawajaingia, na ni mbuga iko kilomita chache kutoka tauni, imekuwepo tangu 1946, kilomita mraba 117, ina simba, vifaru, nyati, twiga, na nyuma yao maghorofa. Ndovu wa mwituni hawapo, hilo niliwaambia mapema ili binamu asije akaanza kudai. Julai ni nzuri kwa sababu ni kavu kuliko Aprili na Mei, nyasi hazijawa ndefu sana, na baridi inafanya wanyama wakubwa wasikimbilie kivuli mapema. Malipo ni kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali wa kulipia huduma, hakuna kesi ya kubeba noti getini, fungua akaunti nyumbani usiku ule maana mtandao hapo getini ni wa bahati. Gari tunakodi van ya paa la kufunguka, ukigawanya gharama kwa vichwa inaingia akilini. Wasio na gari wana ile Safari Walk ya hapo langoni, mnatembea kwa mguu kwa njia ya mbao, si mbaya kwa watoto.

Ndani ya mbuga mwalimu ana ombi lake, anataka kuona mahali pembe za ndovu zilipochomwa. Moi alichoma tani 12 hapo 1989 dunia nzima ikaangalia, na 2016 Uhuru akachoma tani 105 hapo hapo. Kuna majivu bado. Binamu wa kiume atalala ndani ya van wakati huo.

Halafu saa tano asubuhi ndo ndovu wadogo wa kituo cha Sheldrick, mayatima wanaolelewa pale. Ni saa moja tu kwa siku, tano hadi sita, mnasimama nyuma ya kamba wanaletwa wakikimbia, wananyonya chupa kubwa za maziwa, wanajigaragaza kwa matope jamani, na yule anayewatunza anawaeleza kila mmoja ametoka wapi na mamake alikufaje. Lazima ubuku mapema, si siku moja kabla, wiki kadhaa kabla, nafasi zinakwisha na mlangoni hakuna huruma ati tumetoka Mombasa. Hiyo nimeshabuku, ndo kitu cha kwanza nilichofanya kabla hata ya nyumba. Kama mnapanga Nairobi yoyote anzeni hapo, siku nyingine zote mzizungushe kwa hiyo saa moja.

Mchana jua likitoka, Giraffe Centre. Twiga anakula mkononi, ulimi mweusi mrefu, dada atapiga mayowe, tutapata video ya mwaka. Nusu saa inatosha. Bomas, pale pa ngoma za kiasili, wengi wananiuliza, lakini tangu 2025 pale kuna ujenzi mkubwa, kwa hivyo nimeitoa kwa plani. Ngong Hills pia nimeitoa, Julai ule upepo na ukungu mnapanda kuangalia wingu, heri Januari. Karura naipenda kuliko mahali popote Nairobi, ule msitu wa Wangari Maathai aliopigania mpaka akapigwa, lakini uko upande wa kaskazini na sheria ni sheria.

Saa kumi tunarudi nyumbani tunalala. Hii watu huidharau. Usiku wa Nairobi hauanzi saa mbili, ukienda klabu saa mbili utakuta wahudumu wanapanga viti. Sheria ile ya 2010, watu wanaiita ya Mututho, inasema baa ifunguliwe kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku siku za kazi, na wikendi kuanzia saa nane mchana, lakini pita Westlands saa nane ya usiku uone kama kuna anayeikumbuka. Kwa hivyo kulala kwanza, kula kidogo, kutoka saa nne.

Sasa Westlands au Thika Road? Hapa nimegombana na marafiki zangu wote. Thika Road ni bei nafuu na wanacheza kweli, ukipata usiku wa mugithi pale, yule mtu mmoja na gitaa lake na watu wamepanga foleni ya treni wakizunguka meza, hata kama husikii Kikuyu hata neno unajikuta umeshika kiuno cha mtu usiyemjua. Kuna rumba, kuna ohangla, na watu wanaokuja kucheza wanakuja kucheza. Westlands ni ile Woodvale Grove wanaita Electric Avenue, milango imebanana, hapa muziki wa amapiano, pale gengetone, kule arbantone, unatoka moja unaingia nyingine bila kupanda gari. Wasichana wamevaa vigauni vifupi kwa hizo nyuzi 12 na hawatetemeki, huo ni uchawi sijauelewa. Nimechagua Westlands, si kwa sababu ni bora, ni kwa sababu binamu ni mgeni, na mgeni anataka kuzunguka aone. Na kutoka Ngong Road saa nne usiku ni mwendo mfupi. Thika Road ni ya mtu anayerudi mara ya pili.

Masharti ya usiku nimempa na hayana mjadala. Simu mfuko wa mbele wa ndani. Koti usiliweke kwa kiti ukaenda kucheza, koti ndo kitu cha kwanza kupata mwenye mpya. Glasi yako usiiache hata ukienda chooni, imalize au iache kabisa, maana kuna watu wa mchele, wanakuwekea dawa kwa kinywaji unaamka kesho huna simu, huna pesa kwa M-Pesa, na kama una bahati mbaya huamki. Usikubali kinywaji cha mtu mmejuana dakika ishirini hata awe mrembo vipi, hasa awe mrembo. Kurudi ni teksi ya programu, unalinganisha namba ya gari kabla ya kufungua mlango, na hakuna cha mtu kuendesha amekunywa, alkoblow, kile kipima pombe cha polisi, inawangoja. Dada na mwalimu watabaki nyumbani na thermos ya dawa, tangawizi, limau na asali, watamsengenya mpaka arudi.

Jumapili ni tauni. Watu wa Nairobi watacheka, nani anaenda tauni Jumapili? Ndo maana naenda. Jumapili unaweza kusimama katikati ya Moi Avenue ukaangalia majengo juu bila kusukumwa na mkokoteni. Tunaanza taratibu saa nne, Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill, ndani, baridi ikiwa bado kali. Mwalimu atataka kumwona yule Mvulana wa Turkana, mifupa ya mtoto wa miaka milioni 1.6 hivi iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu 1984, Mkamba wetu ambaye macho yake yaliona mabaki ya kale ambayo madaktari wa vyuo vikuu walikuwa wanayakanyaga. Uani kuna sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu mpaka Mzee Kenyatta akamwekea ulinzi kwa amri ya rais 1970. Alikufa 1974 kwa uzee, si kwa risasi.

Halafu Makumbusho ya Reli, hii wengi wanairuka na mimi naona ndo tamu kuliko zote. Kuna behewa pale, lile ambalo 1900 afisa wa polisi Charles Ryall alilala ndani yake pale Kima akimvizia simba mla watu, usingizi ukamchukua, simba akaingia akamtoa kwa dirisha. Unaingia behewa lenyewe, unaona dirisha lenyewe. Watakuwa wamepita sehemu za Ukambani hizo Ijumaa wakiwa na soda mkononi, nataka nione sura zao.

Saa saba jua likitoka tunapanda KICC mpaka juu kabisa, lile jengo la orofa 28 lililomalizika 1973, upepo utawapiga lakini ukiangalia kusini unaiona mbuga mliyokuwa jana. Kushuka tunapita sanamu ya Tom Mboya, yule waziri aliyeuawa hapo Moi Avenue tarehe 5 Julai 1969, halafu ile bustani ya kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti 1998 penye majina ya waliokufa kwa bomu la ubalozi wa Marekani. Binamu atakuwa amenyamaza kwa sababu zake za usiku, wengine kwa sababu ya majina.

Kutoka hapo nganya. Mgeni hajafika Nairobi kama hajapanda nganya, ile matatu iliyochorwa mpaka magurudumu, muziki unakugonga kifuani, taa za kila rangi, konda ananing'inia mlangoni kwa mkono mmoja. Tunachukua ya Jogoo Road tunashuka City Stadium, madirisha yamefungwa tafadhali, simu zinanyakuliwa, na hapo ni Burma. Nyama choma ya Burma hupimiwi kwa sahani, unaingia buchani unachagua mguu kwa macho yako, unapimiwa kilo, inachomwa, inakatiwa mbele yako kwa ubao, kachumbari, chumvi, ugali. Dada atauliza nani kachinja na ana haki ya kuuliza, na kama jibu halimridhishi nimeshamwekea akiba ya Jumatatu. Mutura, ile soseji ya utumbo, hatagusa, ina damu, lakini binamu kwa hali yake ya Jumapili mutura ya moto na kikombe cha supu ya mifupa ndo hospitali yake.

Jumatatu ni ya dada. Asubuhi tunampitisha mwalimu kwa Nyaraka za Taifa, ile Archives mkabala na Mboya, imefungwa Jumapili ndo maana imeangukia hapa, ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, vinyago na shanga na vitambaa kutoka Afrika yote. Dada anaswali zake msikiti wa Jamia, halafu Eastleigh moja kwa moja. Huko hata mimi nasahau niko Nairobi. Shaah ya maziwa yenye hiliki na mdalasini, wali uliochambuka na mbuzi juu yake na ndizi mbivu pembeni unaila pamoja na wali, ndiyo pamoja, usiulize, na nyama ya ngamia kwa anayetaka kujaribu. Hoteli zote halali, hakuna kuuliza nani kachinja. Dada hupenda kusema pilau ya Nairobi ni wali uliopita karibu na viungo, hapa atanyamaza. Na mabuibui, na mashuka, na udi, na mazulia, maghorofa kwa maghorofa ya maduka, bei ya kwanza wanayokutajia ni salamu tu, shuka nayo.

Pesa, kwa ufupi: tumefungua kapu kwa grupu, kila mtu anatuma kila Ijumaa kidogo kidogo, mwalimu ndo mweka hazina. Kitakachokula pesa si chakula wala viingilio, ni teksi, mvua ikianza tu bei kwa programu inaruka, ndo sababu nyingine ya zile pande.

Kurudi ndo bado hatujaelewana. Dada anataka treni ya saa tisa alasiri Jumatatu alale kwake, hiyo inamaanisha tuwe Syokimau saa saba na nusu na Eastleigh iwe ya mbio, yeye mwenyewe ndo ataumia maana kuchagua shuka moja humchukua saa nzima. Binamu anataka ya saa nne usiku, inafika Miritini kabla ya alfajiri na hapo teksi ya Kisauni inakuwa bei ya harusi. Mwalimu ana darasa Jumanne na hasemi kitu, anaandika tu nukta tatu kwa grupu halafu anafuta. Nimewapa mpaka Jumapili hii wapige kura. Wasipoelewana nakata ya saa tisa, na anayetaka kubaki Eastleigh mpaka usiku ajitafutie basi.